Kipande Kilichorudi Mkolani

Mtungi ninaoubeba nyuma ya gari unafanana na ule wa wafugaji wa kubebea maziwa, ila shingo yake ni nyembamba na ukiufungua hutoa moshi mweupe unaotambaa chini badala ya kupanda. Ndani yake kuna naitrojeni ya maji, yenye baridi kupita barafu yoyote ambayo mtu wa Mwanza amewahi kuishika. Ni naitrojeni ileile ambayo mabwana mifugo huhifadhia mbegu za madume ya ng'ombe, na sisi tunaijaza kwao. Kwa hiyo vijana wa kituo cha mafuta ninachokizoea wameshaamua wenyewe kazi yangu ni ipi.

"Mzee, leo umeleta dume gani?"

"La kizungu."

"Tuachie japo tone moja, ng'ombe wa bibi yangu wamekonda."

Sijawahi kuwaambia kwamba mle ndani kuna vipande vya kongosho. Wengi hata neno lenyewe hawalijui. Mimi nililiona sekondari kwenye mchoro wa mfumo wa chakula, kitu kama jani refu lililolala nyuma ya tumbo, nikalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha nikalisahau kama nilivyosahau mengine yote. Sikujua kwamba kiungo kile kina saratani yake, wala kwamba saratani hiyo inajificha hadi mwenyewe anapoanza kuwa wa manjano.

Mimi ni dereva wa mradi wa utafiti. Mgonjwa akipasuliwa katika hospitali mojawapo ya huku ziwani, na akiwa amekubali, daktari anakata kipande kidogo cha uvimbe, kipande kinatiwa kwenye kichupa cha plastiki, kichupa kinatumbukizwa kwenye mtungi, nami nakileta maabara. Kazi yangu yote ni kuhakikisha hakiyeyuki njiani. Nimeifanya kwa muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote maishani mwangu, na sijui kwa nini. Labda kwa sababu inanizungusha. Kabla ya hapo nilikaa migodini Geita, nikauza vitenge Bukoba, nikapanga chumba Mirongo na watu ambao leo sijui walipo, nikauza mahindi ya kuchemsha pale Busisi enzi za kivuko. Kila nilipohama nilianza mara moja kupakumbuka nilipotoka. Ndivyo nilivyo.

Kivuko nakikumbuka hata sasa, ingawa kilinitesa. Miaka ya mwanzo ya mradi nilikuwa nafika Busisi na mtungi, nakuta foleni ya malori imeshika barabara, nakaa pale nikisikiliza naitrojeni ikivuta pumzi ndani ya mtungi na kupungua. Nilikuwa nashuka, naenda hadi kwa mkata tiketi, namwambia nimebeba kitu cha hospitali. Ananijibu hospitali zote ziko kwenye foleni. Sasa daraja limefunguliwa, navuka kabla sijamaliza kufikiri jambo moja, na mara nyingi nikiwa juu yake natazama chini upande ule mama lishe walipokuwa wakikaanga sato, nahisi nimeporwa. Mtafiti wetu mkuu alinicheka niliposema hivyo. Yeye daraja lilimwokolea vipande vyake.

Mtafiti huyo ni mwanamke wa umri wa kuweza kuwa mpwa wangu. Tunamwita daktari ingawa hatibu mtu. Anasoma jeni. Siyo jeni zipi zipo, maana hizo, anasema, ni zilezile kila mahali mwilini, bali zipi ziko macho na zipi zimelala, na nani anaziamsha. Aliwahi kunieleza hayo tukiwa njiani kutoka Sengerema, nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyoitikia mahubiri. Niliyaelewa siku alipomweleza dada yangu.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa mdogo, na baba alikuwa kibarua wa kiwanda cha kuchambua pamba, mtu wa kurudi nyumbani akiwa mweupe kwa vumbi na kulala. Dada alikuwa akianika dagaa ufukweni kijijini kwetu ng'ambo, kupita Busisi, na hizo dagaa ndizo zilizonifikisha kidato cha nne. Baadaye aliolewa, akafiwa, akajenga Mkolani, hapahapa Mwanza, vyumba viwili na kibanda cha kuuzia mkaa na nyanya. Nilipokuwa narudi kutoka kwenye mizunguko yangu nilifikia kwake. Alikuwa hanikaribishi kwa maneno. Anasukuma stuli kwa mguu, anasema, "Kaa. Umefukuzwa wapi tena?"

Alianza kuumwa mgongo. Akasema ni magunia ya mkaa. Kisha akaanza kukataa chakula, akatibiwa vidonda vya tumbo, akanywa dawa za hospitali na za mitishamba kwa pamoja, kila mmoja akiwa na ushauri wake. Mimi ninayebeba kongosho za watu wote wa huku nilimtazama akikonda na sikufikiri lolote. Siku moja nilimkuta amekaa mlangoni anajikuna mikono hadi damu, na alipoinua uso, weupe wa macho yake ulikuwa na rangi ya ndizi mbivu. Hapo nikajua. Nilisimama na mkate mkononi nikajua, na nikamwambia, "Dada, vaa viatu."

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa maneno machache na mpole. Alisema uvimbe umeubana mrija wa nyongo, na umeshika mishipa mikubwa ya damu, kwa hiyo kuuondoa wote haiwezekani. Angeweza kuifungulia nyongo njia nyingine ili manjano yatoke na kujikuna kuishe. Dada akauliza, "Na baada ya hapo?" Akajibiwa, "Baada ya hapo tutakupunguzia maumivu." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei akaona ni ileile aliyoitarajia.

Kwa sababu tumbo lingefunguliwa, mtafiti wetu alikuja wodini kumwomba kipande. Angeweza kumtuma muuguzi. Alikuja mwenyewe, akavuta kiti, akaamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu ndugu yangu anasema wewe ndiye unayemlisha."

"Ananiendesha tu, mama."

"Muangalie. Ataacha kazi usipoangalia."

Mtafiti alicheka, kisha akamweleza. Nilikuwa nimesimama dirishani, na maneno yake nayakumbuka vizuri kuliko mengi niliyofundishwa darasani. Alisema katika kila chembe ya mwili kuna mafundi walewale: wa jicho, wa mfupa, wa nywele, wote wamo kila mahali. Ila jichoni, fundi wa mfupa amelala, ndiyo maana jicho halioti mfupa.

"Mungu ashukuriwe," akasema dada.

"Ulipokuwa tumboni kwa mama yako alikuwepo fundi aliyejenga kongosho. Kazi ilipokwisha, akalala. Katika ugonjwa huu tunadhani anaamka tena. Nyumba ilikwisha zamani, watu wanaishi humo, na yeye anaingia asubuhi na koleo, anaanza kuchimba msingi sebuleni."

Dada alijikuna kiganja. Kisha akauliza, "Na mlango anamfungulia nani?"

"Hilo ndilo tunalolitafuta, mama."

"Hamjalipata."

"Bado. Huenda ikachukua miaka mingi. Sitakudanganya kwamba itakusaidia wewe."

"Sijasema unidanganye." Akageuka upande wangu kidogo, akamrudia mtafiti. "Kipande hicho mtakirudisha?"

Hapo mtafiti alinitazama, akidhani pengine ni utani. Haukuwa utani. Kwetu, kitu kilichokatwa kwenye mwili wa mtu hakiachwi kwa watu. Baba alikatwa kidole na mashine ya pamba, kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Wenzake walikiokota wakakifunga kwenye leso wakamletea, na babu akakizika nyuma ya nyumba, akaweka jiwe. Baba alipokufa, wazee walifukua pale, wakachota udongo wote wa mahali pale kwa jembe, wakautia kaburini upande wa mkono wake wa kulia. Mimi na dada tulikuwepo. Hakuna aliyetueleza maana yake. Lilifanyika kama vile mtu anavyofunga mlango akitoka. Sijui kama familia nyingine za huko kwetu hufanya hivyo. Sisi tulifanya.

Dada alimsimulia hayo kwa ufupi, akamalizia, "Sitaki kufika kwa baba nikiwa na upungufu."

Mtafiti alifikiri. Akasema kipande husagwa kikiwa bado kimeganda, kwenye kinu kidogo, mpaka kinakuwa unga, halafu unga unatiwa dawa na ule ujumbe unaotolewa na jeni zilizo macho unachujwa. Kilichosagwa hakirudi. Lakini anaweza kukikata vipande viwili. Nusu ataisaga, nusu ataiweka kwenye friza, na hiyo itakuwa ya dada, kuichukua siku yoyote atakayotaka.

"Nusu inatosha," akasema dada. "Kidole cha baba nacho hakikurudi chote."

Aliweka sahihi yake, polepole, herufi za mtu aliyeishia darasa la saba. Na mimi siku ya upasuaji nilisimama nje ya chumba na mtungi wangu kama siku nyingine zote, muuguzi akatoka na kichupa cha kwanza, nikakitumbukiza, baada ya muda akaleta na cha pili, moshi ukatambaa miguuni pangu. Safari kutoka pale hadi maabara ni ya kutembea kwa miguu. Nilitembea. Sikumbuki kama nilisikia chochote njiani.

Manjano yalipungua. Kujikuna kukaisha. Dada alirudi Mkolani, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kibanda chake akiuza nyanya kwa kuelekeza kwa kidole, mteja anachukua mwenyewe. Kwa muda tulisahau, au tulifanya kama tumesahau. Nilikuwa nalala pale kwake, chumba cha pili, na kila asubuhi kabla sijatoka ananiuliza, "Leo unakwenda kumchukua nani?" Namwambia mtu wa Magu, au mtu wa Sengerema. Anasema, "Maskini," kisha anageukia nyanya zake.

Halafu mtafiti aliniita maabara. Alikuwa amekaa kwenye kochi la korido, koti jeupe limefunguka vifungo, uso wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda. Aliniambia nusu ile aliyoisaga imeharibika. Mimi nikadhani friza, nikadhani umeme. Akasema hapana. Kongosho ndivyo lilivyo. Ni kiungo cha kusaga chakula, limejaa maji makali ya kusagia, na likishakatwa tu linaanza kujisaga lenyewe, na cha kwanza kuliwa ni ule ujumbe. Pengine kipande kilichelewa kidogo mikononi mwa watu pale mezani. Alipopima akakuta vipisi vipisi, kama gazeti lililopita kwenye meno ya panya.

"Ile nusu nyingine ilitumbukizwa kwanza," akasema. "Ile naamini ni nzima."

Nikajua anachotaka kuomba.

"Uvimbe wa mama ulikuwa wa aina ambayo hatuna. Sisemi hivyo ili nikusukume. Na sitaki uniombee wewe. Nitakwenda mwenyewe, wewe uniendeshe tu."

Tulikwenda mchana. Dada alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, maumivu yalikuwa yameanza kurudi, na alivyomwona mgeni alijaribu kuinuka. Mtafiti akakaa chini, akakunja miguu kwenye mkeka. Akaeleza yote bila kuzunguka: nusu ya kwanza imeharibika, ya pili ipo, je, anaweza kuitumia. Alisema ana haki ya kukataa na hakuna mtu atakayemchukia.

Dada alimsikiliza hadi mwisho. "Tulipatana nini, mwanangu?"

"Tulipatana nusu irudi."

"Basi irudi."

"Sawa mama."

"Umekasirika?"

"Hapana mama. Nimechoka tu."

"Tumechoka wote. Kunywa chai kwanza."

Akanywa chai. Waliongea habari za bei ya nyanya. Njiani kurudi mtafiti aliegemeza kichwa kwenye kioo, na mimi nilikuwa na hasira ambayo sikujua ni ya kumwelekezea nani. Nilikuwa nimebeba vipande vya watu nisiowajua, miaka na miaka, katika mvua, katika foleni, na sijawahi kuona jibu hata moja likitoka kwenye chumba kile. Nilitaka cha dada yangu kiwe ndicho kitakachosema kitu. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka azikwe mzima. Ni vigumu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake nilikwenda kukichukua. Mtafiti alikitoa kwenye friza akiwa amevaa glavu nene, akakitia kwenye mtungi wangu mdogo wa mkononi. "Humo kitakaa salama hata ukichelewa njiani," akasema. "Ukikitoa ndiyo basi. Lakini ni chake." Akapanga vichupa vingine ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Nilifika Mkolani dada akiwa ndani, kitandani, mto umewekwa chini ya magoti. Nilimwambia nimekileta, na kwamba nitaongea na baba mdogo kijijini juu ya mahali pa kukizika kwa sasa. Akasema, "Kiko humo?"

"Kimo."

"Nataka kukiona."

"Dada, kikitoka humo kinayeyuka."

"Kwani kinakwenda kuzikwa kwenye barafu?"

Alikuwa na haki. Kilikuwa ni chake, na kilikuwa kinakwenda mchangani, nacho mchangani kingeyeyuka tu. Lakini mkono wangu ulikuwa mzito. Kazi yangu yote ilikuwa ni kuzuia hilo jambo moja. Nilifungua mtungi, moshi ukamwagika juu ya shuka, akashtuka na kucheka kidogo, "Ee, kumbe wewe ni mganga." Nikakitoa kichupa kwa kibano, nikakifunga kwenye kanga yake kwa sababu baridi ile inaunguza kama moto, nikangoja, kisha nikamtilia kwenye kiganja.

Alikishika mbele ya dirisha. Mwanzo kilikuwa cheupe kwa umande, akakifuta kwa kidole gumba. Ndani palikuwa na kitu kama punje ya haragwe, rangi ya nyama iliyokaa siku mbili. Alikigeuza. Kikaanza kung'aa, kikashikana na ukuta wa kichupa, kikateleza.

"Hiki ndicho kinachoniua?"

"Ndicho. Sehemu yake."

"Kadogo hivi." Akakitazama kwa muda mrefu sana. Nje mteja aliita hodi ya nyanya, hakuna aliyemjibu, akajichukulia, tukasikia sarafu kwenye kopo. "Unakumbuka kidole cha baba? Kilikuwa na kucha. Kilikuwa na lile kovu la jembe. Hata kingeokotwa Shinyanga ungejua ni cha baba."

"Nakumbuka."

"Hiki nikikutana nacho sokoni sikijui." Alikisogeza kwenye mwanga tena. "Nilidhani nitakiona nijione. Huyu si mimi. Huyu ni yule mwenye koleo."

"Dada."

"Sitalala naye kaburini. Amenichimba vya kutosha. Mpeleke kwa yule binti, amuulize vizuri nani alimfungulia mlango."

Akanipa. Kichupa kilikuwa vuguvugu kwa joto la mkono wake. Nilikirudisha kwenye mtungi, moshi ukatoka tena, na nilijua ninachokifanya hakina maana. Nyama ikishayeyuka, kuigandisha tena ni kuweka muhuri juu ya kilichoharibika. Hilo wamenifundisha tangu siku ya kwanza, kuwa mkaidi juu ya hilo, kukataa kufungua hata kwa polisi wa barabarani. Nikaendesha polepole. Sikuwa na sababu ya kwenda haraka.

Mtafiti alinisikiliza akiwa amesimama. Niliposema alikishika, alifumba macho kidogo tu. Akaniuliza alikishika kwa muda gani, nikasema mpaka kikapata joto. Akachukua kichupa.

"Jeni zenyewe zitasomeka," akasema. "Hizo ni imara, zinavumilia. Nitajua mafundi wote waliokuwemo kwa majina yao. Nani alikuwa macho na nani alikuwa amelala, hapana. Hiyo imekwenda."

"Na mlango?"

"Mlango hapana."

Alikiandikia namba, akakiweka kwenye friza na vingine. Nilimwona bado ameshika mpini wa friza baada ya kuifunga. Akasema nimpelekee salamu mama, na nimshukuru.

Nilirudi Mkolani jioni ile. Dada alikuwa amepewa dawa na shemeji yake anayekaa jirani, alikuwa mtulivu. Aliuliza kama kimefika. Nilifikiri kusema kimefika na kunyamaza. Lingekuwa neno la kweli. Lakini yeye hakuwahi kunidanganya, hata nilipokuwa mtoto na mama amelazwa. Nikamwambia kimefika, ila kiliyeyuka, na lile aliloliuliza hawataweza kulijibu kwa kipande kile. Watajua majina ya mafundi tu.

Akanigeukia. "Si ungeniambia kabla sijakishika?"

"Nilikuambia kitayeyuka."

"Uliniambia kitayeyuka. Hukuniambia kitanyamaza."

"Ningekuambia, ungekubali usikishike?"

Alifikiri kwa dhati. "Nisingekubali," akasema, na akaanza kucheka, kicheko kilichomuumiza tumbo mpaka akashika ubavu, na mimi nikacheka, tukacheka wawili kama wapumbavu mbele ya uji uliokuwa unapoa. "Maskini yule binti," akasema alipopata pumzi. "Na chai yangu aliinywa bila sukari."

Alifariki mvua za masika zikiwa zinaanza. Tulimvusha juu ya daraja asubuhi, gari la jeneza mbele, mimi na gari la mradi nyuma, mtafiti amekaa na shangazi zangu kiti cha nyuma. Hakuna foleni, hakuna aliyeteremka kununua kitu. Kijijini kaburi lilikuwa limeshachimbwa karibu na la baba, udongo mwekundu wenye kokoto, na ziwa likionekana chini kupitia migomba.

Kabla ya jeneza kushushwa, baba mdogo aliniita kando. Ni mdogo wake baba wa mwisho aliyebaki, ana fimbo na kofia ya sufu hata kwenye joto. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza bila kunitazama, "Tumeambiwa alipasuliwa. Kuna kitu walichukua?"

"Ndiyo baba."

"Kiko wapi?"

"Kiko hospitalini. Walikirudisha, akakiona mwenyewe, akakikataa. Alisema si yeye."

Alichora mstari mchangani kwa ncha ya fimbo, akaufuta kwa kiatu. Wachimbaji walikuwa wameshika kamba wakingoja. Nilidhani ataniuliza kwa nini nilikubali.

"Alikuwa na akili yake aliposema hivyo?"

"Alikuwa na akili yake. Alicheka pia."

"Basi hajapungua," akasema. Akawageukia wachimbaji, akawaambia washushe, upande wa kichwa kwanza, taratibu.